Harusi Iliyouza Kisiwa

Mzee Mrimba alipomwoza binti yake hakujua kwamba angekuja kudaiwa kisiwa. Masimulizi ya Kilwa yanasema mgeni alifika kwa vyombo vyake, na watu wake na mali yake, akaomba mahali pa kukaa Kilwa Kisiwani, akapewa. Akampa mwenyeji wake zawadi za bidhaa na shanga. Baadaye akaomba mke, naye akapewa. Akakaa vizuri na watu, vitu vikagawiwa kila mtu kwa kadiri ya cheo chake, hadi siku alipomtuma mkewe kwa baba yake na ujumbe uliopambwa kwa adabu: haifai mtu na mkwewe kukaa kisiwa kimoja. Afadhali mzee ahamie bara, na akitaka kumtazama mwanawe, mlango uko wazi siku yoyote.

Anayezijua adabu za ukwe ataona ujanja ulipo. Mkwe huheshimiwa kwa mbali. Hupishani naye mlangoni, humtanii, hunawi naye beseni moja ukaanza kumwaga hadithi. Hilo ni kweli kabisa. Lakini anayepaswa kujitenga ni yule kijana aliyekuja kuoa, si mwenye mji. Mrimba anatajwa kuwa Mmachinga, mtu wa nyanda hizi za Kilwa na Lindi, jirani wa Wamwera, Wayao na Wamakonde, ambao kwao tangu zamani mwanamume akioa ndiye anayehamia ukweni. Mgeni aliichukua adabu ya wenyeji, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akamtoa nayo mwenyeji nyumbani kwake.

Mrimba hakukataa, wala hakukubali bure. Alitaka nguo. Simulizi la Kiswahili linasema alidai atandikiwe nguo kutoka Kisiwani hadi bara apite juu yake. Kitabu cha Kiarabu kinasema kisiwa kizungushiwe nguo za rangi pande zote. Kwa vyovyote vile ni majora yasiyo na hesabu. Zikatandikwa, mzee akavuka. Kufika ng'ambo akajuta, akapanga kurudi na vita. Zamani maji yakitoka watu walivuka kwa miguu. Safari hii mkono ule wa bahari ulikuwa na kina. Wengine wanasema ulichimbwa, wengine wanasema ulisomewa. Watu wa bara wakasimama ufukweni wakingoja maji yatoke, na hayakutoka.

Hadithi hii imepita mikono mingi. Mreno João de Barros aliandika habari za wafalme wa Kilwa katika kitabu alichokichapa mwaka 1552. Kitabu cha Kiarabu kiitwacho Kitab al-Sulwa kinajulikana kwa nakala iliyoandikwa mwaka 1877, ambayo iko London. Masimulizi ya Kiswahili yalichapwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907. Kitabu cha Kiarabu kinakaa zaidi kwenye ununuzi. Simulizi la Kiswahili ndilo linaloiweka harusi katikati ya mambo yote. Na hapo kuna jambo la kuangaliwa. Simulizi linamtaja mtoto aliyekuja na mgeni kwa jina, Fatima. Bibi harusi, ambaye bila yeye hakuna hadithi, ni “binti Mrimba” tu.

Wanahistoria wamebishana sana juu ya mgeni huyo, Ali wa Shirazi. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji mkubwa wa Kilwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona sarafu zenye jina la Ali bin al-Hassan ni za karibu mwaka 1200. Mwaka 1984 hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 ilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, na nyingine zilikuwa na jina hilohilo. Tarehe ikarudishwa nyuma hadi karne ya 11. Kwa muda mrefu wasomi wengi waliona habari za Shirazi ni madai ya watu waliotaka ukubwa, wakajipa mababu wa ng'ambo. Mwaka 2023 jarida la Nature likatoa uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara ikiwamo. Ukaonyesha kwamba wengi walikuwa na damu ya Kiafrika, zaidi kutoka upande wa wanawake, na damu ya Kiasia ambayo sehemu yake kubwa ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Uchunguzi wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba kulikuwa na mzee aitwaye Mrimba. Lakini mwanamume wa mbali aliyeoa kwa wenyeji hawezi tena kuondolewa katika historia kwa kupungiwa mkono.

Simulizi lenyewe linajua thamani ya ndoa ile. Mtoto aliyezaliwa, Mohamed, alipokua alifunga safari kwenda bara kumtafuta babu yake. Mrimba akampokea, akamkabidhi utawala, kijana akarudi Kisiwani akiwa sultani. Baba aliyetoa nguo zote zile bado alikuwa mgeni. Haki ya kutawala nchi ilimfikia mtoto kwa mama. Kwa watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama hakuna la ajabu hapo, na huenda ndiyo sababu simulizi la Kiswahili halikuweza kuiacha harusi ikapita.

Nguo nazo hazikuingia katika hadithi kwa bahati. Kilwa ulikuwa mji wa nguo. Katika vifusi vyake wachimbaji wameokota vigae vya mviringo vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea pamba, ushahidi kwamba watu walijisokotea nyuzi wenyewe hata zama ambazo vyombo vilileta vitambaa kutoka Gujarat. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta Sultani Hassan bin Sulaiman akisifika kwa ukarimu, na dhahabu ya Sofala iliyomwezesha ukarimu huo ilinunuliwa kwa nguo na shanga. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliupora mji. Dhahabu ikafuata njia nyingine, lakini nguo ilibaki kuwa kipimo cha mambo, na zaidi kipimo cha harusi.

Angalia orodha ambayo mshenga wa pwani huenda nayo hadi leo. Mbali na mahari yenyewe, ambayo kwa sheria ya dini ni ya mwanamke, kuna kilemba cha baba; kuna mkaja wa mama, kwa ajili ya tumbo alilolifunga baada ya kuzaa; kuna ubeleko, kwa ajili ya nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Siku hizi vyote hulipwa kwa noti, tena mara nyingi ndani ya bahasha moja, lakini vinahesabiwa kimoja kimoja kwa majina ya nguo. Barua ya posa nayo huvishwa kitambaa, na fedha ya kuifungulia huwekwa ndani, maana barua tupu haifunguliwi. Bwana harusi akishamaliza yote hayo na nikahi imesomwa, anafika mlangoni kwa bibi harusi na kukuta kina mama wamejipanga. Mlango haufunguki bila kifungua mlango. Anatoa kidogo, wanacheka. Anaongeza, wanamwambia hajaamka. Kungwi ana kauli ya mwisho, na kungwi hana haraka.

Maelezo kamili ya zamani kuhusu mambo haya yaliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kitabu chake, Desturi za Wasuaheli, kilichapwa na Velten mwaka 1903. Kinahusu zaidi Mrima, yaani pwani inayoelekea Unguja, lakini mtu wa Kilwa Kivinje au wa Lindi akikisoma hapotei: posa, somo, fungate ya siku 7, fedha za kila mlango. Mtoro alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin, na harusi yake mwenyewe haikufuata ukurasa hata mmoja wa kitabu chake. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja kuishi Afrika Mashariki, na walipofika Dar es Salaam serikali ya Kijerumani ikawakatalia kushuka. Mweusi na mke mzungu wangeonekanaje mbele ya watu wanaotawaliwa? Wakarudishwa Ujerumani na meli. Mwandishi mkuu wa harusi za Waswahili alifariki Berlin mwaka 1927.

Wakati Mtoro ni kijana, mji mkubwa wa pwani ya kusini haukuwa tena Kisiwani. Ulikuwa Kilwa Kivinje, na utajiri wake ulikuwa na harufu mbaya. Hesabu za forodha zilizowasilishwa kwa Waingereza zinaonyesha kwamba kati ya 1862 na 1867 watumwa 97,203 walipitishwa Kilwa, wengi wao wakipelekwa Unguja. Walitoka Ziwa Nyasa na nchi za Wayao, wakatembea majuma hadi pwani. Si wote waliopakiwa. Wengine walibaki Kivinje, Lindi na mashambani, na hapo ndoa ikawa na sura nyingine kabisa.

Mtumwa hakuoa bila idhini ya bwana wake. Mtoto wa mjakazi aliyeolewa na mtumwa alikuwa mali ya bwana wa mama. Lakini suria aliyemzalia bwana wake mtoto, mtoto huyo alizaliwa muungwana, na mama hakuuzwa tena. Bwana akifa, alikuwa huru. Harusi hakufanyiwa. Hakuna kilemba kilichopelekwa kwa baba yake, maana baba alikuwa ng'ambo ya mto Ruvuma au amekufa njiani. Wajukuu wa nyumba nyingi za kifahari za pwani wana bibi wa namna hiyo, na katika kuhesabu nasaba hutajwa kwa sauti ya chini, au hupitwa tu.

Bibi hao hawakuja mikono mitupu. Walikuja na unyago. Ngoma ya msondo, nyimbo za mafumbo na mafunzo ya mwali, kuanzia usafi wa mwili mpaka namna ya kuzungumza na mume aliyekasirika, vilishuka pwani pamoja na wanawake wa Kiyao, wa Kinyasa na wa Kimakonde. Watafiti wa historia ya Mombasa na ya Unguja wameonyesha kwamba makungwi wengi wa zamani walikuwa wa asili ya utumwa, na ndio waliowafunda mabinti wa kiungwana. Jambo hili lina kichekesho chake. Nyumba isiyomruhusu mjakazi kujifunika kichwa mbele ya bibi wake, ikifika siku ya harusi ilimfungulia mlango wa ndani kabisa, ikamkabidhi binti, ikamlipa, na ikakaa kimya alipoamrisha. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, ambaye dunia ilimjua kwa taarabu, alikuwa mtu wa unyago na msondo kabla ya jukwaa lolote la Ulaya.

Mavazi yalisema habari hizohizo. Mjakazi alivaa kaniki au merikani, kitambaa kilichopata jina lake kwa wafanyabiashara wa Marekani walioanza kukileta kutoka Salem. Kanga zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, wanawake waliotoka utumwani walikuwa mbele kuzinunua. Utumwa wenyewe ulikufa polepole: mkataba wa 1873 ulifunga njia ya bahari, Wajerumani walitangaza kwamba watoto waliozaliwa baada ya 1905 ni huru, na Waingereza walimaliza kazi kwa sheria mwaka 1922. Kwa hiyo bibi harusi wa Kivinje wa mwaka 1930, aliyejifunga doti mpya na kupakwa hina mpaka vifundoni, angeweza kuwa na mama ambaye hakuruhusiwa hata kuchagua rangi ya nguo.

Kamera ilifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alishuka Lindi akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta na kamera ya sinema. Alipanda bara hadi Masasi, Chingulungulu na Newala, akapiga picha za ngoma za Wayao na Wamakonde, zikiwamo za unyago. Kwa hiyo nyika ya Lindi iliingia kwenye filamu mapema sana. Kinachosahaulika ni wakati wenyewe. Vita vya Majimaji vilikuwa vimewaka mwaka uliotangulia katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa. Mashamba yalichomwa kwa makusudi, na njaa ndiyo iliyoua wengi kuliko risasi. Weule aliona wasichana wakichezwa na kuandika kwa furaha ya mtu aliyepata alichokifuata. Wazazi wale walikuwa wamekusanya nafaka za pombe na karamu katika nchi iliyotoka kuunguzwa, na bila shaka walijua kwa nini: msichana asiyechezwa haolewi, na vita havikubadilisha hilo.

Wamisionari nao walijaribu mkono. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, aliyewekwa wakfu mwaka 1926, aliingiza jando katika kanisa, akaweka sala mahali pa matambiko. Kwa wavulana ilifanikiwa kiasi. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu rahisi kwamba padri haingii unyagoni.

Bara la Lindi Uislamu ulienea kwa nguvu katika miaka ya baada ya Majimaji na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ukipelekwa na walimu wa vijijini na watu wa twarika. Ulikuja na sheria ya ndoa iliyompa baba mamlaka ya walii, mtoto akafuata ukoo wa baba, urithi ukaenda kwa watoto. Wenyeji walikuwa na mpango wao. Kwa Wayao kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mbumba, yaani dada zake na watoto wao; kwa Wamwera na Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno. Mchumba hakutoa mali nyingi. Alitoa jasho: alilima shamba la wakwe, akajenga nyumba ukweni, akaangaliwa misimu kadhaa kama ana mikono au ana mdomo tu. Akishindwa alirudi kwao na jembe lake, mke na watoto wakabaki.

Mtu angetegemea mgongano mkubwa, lakini watu wa kusini waliyapanga mambo kwa namna yao. Nikahi husomwa na baba ndiye walii, kama sheria inavyotaka. Kabla ya hapo mjomba ameitwa, ameketi mahali pake, na ana fungu lake. Mshenga mzoefu huuliza mapema nyumba ile ina wajomba wangapi. Asipouliza, ataambiwa siku ya kupeleka mahari, wageni wameshakaa mkekani na pilau inanukia, kwamba kuna mzee mmoja wa Rutamba hajaridhika.

Bibi naye ana haki zake siku hiyo, na hazimo katika kitabu chochote cha sheria. Kwa utani wa bibi na mjukuu, bwana harusi ni mumewe, na leo anaolewa mwingine. Anaingia amejifunga kanga kiunoni, analalamika kwa sauti kwamba ameachwa bila talaka, anadai matunzo ya miaka yote. Bwana harusi anachomoa noti. Bibi anaiangalia, anauliza kama hiyo ni ya chumvi. Vicheko vinapotulia huweza kuonekana machozi ya kweli, maana anajua mjukuu huyu anaondoka, kwenda ukweni kwa desturi ya zamani au Dar es Salaam kwa desturi ya sasa.

Kuondoka huko ndiko kulikoifanya njia kuwa sehemu ya harusi. Kabla ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, kufunguliwa mwaka 2003, msafara wa Dar es Salaam kwenda Kilwa au Lindi ulitegemea pantoni ya Rufiji pale Ndundu, halafu udongo mweusi ambao wakati wa masika hauna mjanja. Mabasi yalikwama kwa siku kadhaa, na abiria wakanunua kuku vijijini wakapika kando ya barabara. Harusi ya masika ilipangwa na mtu asiyeijua njia hiyo, au mwenye haraka zenye sababu. Hata Iceland, nchi ya baridi iliyo mbali kabisa na mikoko ya Kilwa, ina filamu ya harusi iliyotatizwa na njia, ya mwaka 2008, iitwayo Sveitabrúðkaup, ya mwongozaji Valdís Óskarsdóttir. Watu wa harusi wanaondoka mjini Reykjavík kwa mabasi mawili kwenda kanisa la kijijini. Wanapotea, na kadiri wanavyolitafuta kanisa ndivyo siri za familia zinavyofumuka ndani ya basi. Ni kichekesho chenye uchungu, na abiria wa Ndundu wa miaka ya 1990 angeielewa bila tafsiri. Wakwe watarajiwa wakikaa pamoja siku mbili juu ya magurudumu yaliyozama, kila upande unasikia habari za upande wa pili ambazo mshenga alizificha kwa bidii.

Lami ya kutoka Ndundu hadi Somanga ilikamilika katika muongo wa 2010, na safari ya siku ikawa ya saa. Haikuondoa kila kitu. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilibomoa barabara na madaraja eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa kusini ikakatika na Dar es Salaam kama zamani.

Lakini kilichobadilisha ndoa za huku kuliko lami, na pengine kuliko dini, ni mti. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil, ukakaa karne nyingi kama mti wa uani, mpaka bei zilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili na watu wakaanza kuupanda kwa mashamba. Muhogo na mtama huvunwa na kwisha. Mume akiachika hana cha kudai. Mkorosho huzaa kwa miongo. Mwanamume aliyepanda mikorosho 100 katika ardhi ya wajomba wa mkewe alianza kuuliza maswali ambayo babu yake hakuyauliza: nikiondoka, miti ni ya nani? Nikifa, ni ya watoto wangu au ya watoto wa dada yangu? Jibu la wengi lilikuwa kumchukua mke na kuhamia kwenye ardhi ya mume, na kulipa mahari kubwa zaidi ili wakwe wasinung'unike. Kuhamia ukweni kukapungua bila kutangazwa na mtu.

Halafu vijiji vya ujamaa vikawatenga watu na miti yao. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilishuka hadi karibu 16,500, kwa sababu ya kuhamishwa, bei ndogo na ugonjwa wa ubwiri unga. Zao lilifufuka baadaye kwa kupuliza salfa, na harusi zikajipanga upya nyuma ya kalenda yake. Mnada wa kwanza huwa Oktoba. Maduka ya Lindi, Nachingwea na Ruangwa hujaza magodoro, vitambaa vya sare na masufuria makubwa. Watani wa kusini wana maneno makali kuhusu mke wa msimu, anayeolewa fedha ikiingia na kuachwa ikikata, na si yote ni utani. Mwaka 2018, baada ya wakulima kuzikataa bei za wanunuzi, serikali ilitangaza mwezi Novemba kwamba itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya. Uhakiki wa wakulima ukachukua muda, na wengi walisubiri malipo hadi ndani ya mwaka 2019, wakiwa na barua za posa zilizokwisha kujibiwa na ahadi za mahari zilizokwisha kutolewa.

Sheria ya nchi nayo ina la kusema katika kesi ya miti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa pamoja, na katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Katika vijiji vya Kilwa na Lindi watu wengi hawafiki mahakamani, hufika barazani. Pale huitwa walii, mjomba, shehe na mwenyekiti wa kijiji, na mikorosho huhesabiwa mmoja mmoja, nani alipanda, nani alipalilia, nani alipuliza salfa, na ardhi ni ya upande gani, mpaka adhana ya magharibi iwakatishe na kikao kihamie kesho.